Misemo ya Kiingereza iliyotoka kwenye viatu: kijue kiatu kwanza, maana itakuja yenyewe

GidamuMoja (mwanzisha uzi)

Wakuu salamu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Watu wanaojifunza Kiingereza wanapewa orodha, misemo hamsini ya kukariri, kushoto msemo kulia maana, basi. Wiki ikikatika wamebaki na minne kichwani na hiyo minne wanaitumia pasipo pake. Hii njia siikubali kabisa. Misemo haikutungwa na walimu mezani, ilitoka midomoni mwa watu waliokuwa wanashika vitu, wanavishona, wanavivaa mpaka vinaisha, na ukikijua kitu chenyewe kinavyotengenezwa na kinavyochakaa, maana inakuja na haitoki tena. Nimechagua viatu kwa sababu Kiingereza kimejaa viatu kuliko mtu anavyodhani, kisigino kina misemo yake, kamba zina yake, buti ndiyo usiseme.

Tuanze na kisigino. Chukua kiatu cha ngozi kilichovaliwa muda mrefu bila kupelekwa kwa fundi, kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, mbele usihangaike napo maana mbele watu wanapiga rangi. Utaona kisigino kimelika upande mmoja, mara nyingi upande wa nje kwa sababu wengi wetu tukitembea tunatua na ukingo wa nje, ule mpira wa chini umebaki mwembamba kama ukucha, vichwa vya misumari vinachungulia, matabaka ya ngozi yameanza kuachana na kiatu kizima kimelalia upande. Mwenye kiatu hicho Mwingereza anamwita "down at heel". Hajagusia shati wala suruali, ameangalia kisigino tu akajua mfuko ukoje.

Sasa ona faida ya kukitazama kiatu. Orodha zitakuambia "down at heel" ni maskini, nukta. Hapana. Kiatu hakiwezi kulika kisigino kama hakijawahi kuwa kizima, kwa hiyo msemo unabeba mtu au mahali palipokuwa na hali nzuri halafu matunzo yakakosekana. Hoteli ya zamani iliyopauka ni down at heel. Kibanda kilichojengwa jana kwa mabati mabovu siyo down at heel hata siku moja, hicho ni duni tu tangu mwanzo.

Halafu kuna "well-heeled", yaani mtu mwenye pesa zake. Wengi wanaieleza kama kinyume cha ile ya kwanza, kisigino kizima basi mfuko mzima. Inaleta maana lakini historia yake ilipita njia nyingine. Marekani ya karne ya 19 "heeled" lilikuwa neno la jogoo wa kupiganishwa aliyefungwa mwiba wa chuma mguuni, likahamia kwa mtu mwenye bastola, kisha likatua kwa mtu mwenye fedha. Mtu aliyejizatiti, ndiyo picha yake.

Nikipata nafasi naendelea na buti. Karibuni na yenu.

Mpasua_Mbao

Nimeweka kambi hapa mkuu. Swali la haraka, kompyuta ikiwaka wanasema ina "boot", na mtu aliyetoka chini akajijenga wanasema kajivuta kwa "bootstraps". Ni buti hilihili la mguuni au ni maneno yamefanana tu?

GidamuMoja

Ni hilihili, na hapa ndipo napopenda kuliko pote.

Buti refu la ngozi lisilo na kamba wala zipu huwezi kulivaa kwa kusukuma mguu peke yake, ukifika kwenye kona ya kisigino mguu unakwama. Ndiyo maana kule juu limeshonewa vitanzi, vya ngozi au vya utepe mgumu, aidha pande mbili au kimoja nyuma. Unapitisha vidole, unavuta juu huku unakanyaga chini, mpaka unasikia kisigino kimeingia mahali pake. Hicho kitanzi ndiyo bootstrap. Mwenye buti la namna hiyo akivue sasa hivi akitazame, kipo.

Sasa simama umelivaa, shika vitanzi vyote viwili, jivute ujinyanyue kutoka ardhini. Haiwezekani, hata uwe na misuli gani, maana unajivuta mwenyewe ukiwa umejikanyaga. Msemo ulianzia hapo kwenye kisichowezekana, ulikuwa kejeli. Mwaka 1834 Marekani kuna jamaa alitangaza kwamba amegundua mashine ya kujiendesha yenyewe milele bila kuongezwa nguvu, gazeti moja likamcheka kwamba kwa ugunduzi huo sasa ataweza kujivusha mto kwa kushika vitanzi vya mabuti yake. Kufika mwanzoni mwa karne ya 20 watu wakaanza kuutumia bila kejeli, yaani kujiinua kwa juhudi zako bila kubebwa na mtu, na hiyo ndiyo maana mnayofundishwa leo. Lakini ile ya kwanza haijafa. Martin Luther King mwaka 1968 alisema ni ukatili kumwambia mtu asiye na mabuti ajiinue kwa vitanzi vya mabuti yake. Ukijua tu ile maana ya orodha hutaelewa kwa nini maneno yale yanachoma vile.

Kompyuta nayo ni mtoto wa kejeli hiyohiyo. Mashine ikiwashwa haina programu yoyote kwenye kumbukumbu yake ya kazi, na ili ipakie programu inahitaji programu ya kupakia. Sasa ya kwanza itapakiwa na nani? Mafundi wa miaka ya 1950 walitatua kwa kuweka maagizo machache sana ya kuanzia, yale yanaita mengine, mengine yanaita makubwa zaidi, mpaka mfumo mzima umesimama. Wakaona hii ni mashine kujinyanyua kwa vitanzi vyake, wakaita "bootstrap", ikafupishwa ikawa "boot". Kwa hiyo ukisema kompyuta inajibuti, umetaja kitanzi cha ngozi bila kujua.

Na tukiwa bado kwenye buti refu, ile sehemu inayopanda kwenye muundi inaitwa "bootleg". Kuna nafasi pale kati ya ngozi na mguu, na wafanya magendo wa Marekani mwishoni mwa karne ya 19 walichomeka chupa bapa ya pombe humo. Pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima kuanzia 1920 hadi 1933 neno likawa la kila siku, ingawa hapo magendo yalishakuwa ya malori na meli, siyo ya mguuni tena. Leo nyimbo zilizorekodiwa kwa kuibia na bidhaa za kughushi zote ni "bootleg".

Bi_Mkunde

Asante kwa darsa. Mimi niulize ya kubana. Wanasema mvaaji ndiye anajua "where the shoe pinches". Hii si ndiyo kitanda usichokilalia hujui kunguni wake? Naona zimekaa sawa kabisa.

GidamuMoja

Zimekaa sawa dada, na ya kwao ni ya kale mno. Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyeishi karne ya 1 mpaka ya 2, anasimulia Mrumi mmoja aliyemwacha mke wake. Rafiki zake wakamjia juu, kwani si mwaminifu, kwani si mzuri, kwani hazai? Jamaa akanyoosha kiatu chake akawauliza, kwani hiki si kizuri, si kipya? Lakini hakuna kati yenu anayejua kinanibana wapi. Kiingereza kimekuwa nao msemo huu angalau tangu Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14.

Zingatia jambo moja la kiufundi hapo, kiatu kinachobana hakionyeshi. Kilichochanika kila mtu anakiona, kilichokosa kamba kila mtu anakiona, ila kinachobana kinaweza kuwa kipya na kinang'aa. Ndiyo maana msemo huu unatumika kwa shida isiyoonekana kwa nje, na ukiutumia kwa shida ambayo kila mtu anaiona unakuwa umepungua nguvu.

kalamu_nyeusi

hapa ndo mnanichanganya na mambo ya kuvaa viatu vya mtu. kwenye habari za michezo kila siku nasikia kocha mpya anavaa viatu vya aliyeondoka, na mtu akiwa na matatizo anasema vaa viatu vyangu ndo utajua. kwa kiingereza nayo ni moja au mbili?

GidamuMoja

Mbili, na kitenzi ndicho kinachozitenganisha, kwa hiyo shika kitenzi. Kurithi nafasi ni "step into his shoes", na kama nafasi ni kubwa na watu wanajiuliza ataiweza, wanasema "fill his shoes" au "big shoes to fill". Picha ni mguu mdogo ndani ya kiatu kikubwa, unapwaya, haujajaza. Kuhurumiana ni "put yourself in my shoes". Ukimwambia bosi wako "fill my shoes" ukitaka akuelewe shida zako, umemwambia achukue kazi yako.

Kuna na ile ya kutembea maili moja ndani ya viatu vya mwenzio kabla hujamhukumu. Mtandaoni wanaibandika kama methali ya kale ya Wahindi Wekundu, lakini maneno ya kutembea maili moja yalichapishwa kwenye shairi la Mary T. Lathrap, Mmarekani, mwaka 1895, na yeye aliandika "moccasins", vile viatu laini vya ngozi, siyo "shoes". Napenda watu wapewe haki yao, aliyeandika atajwe.

Fundi_Soli

Mimi kazi yangu ndiyo hii ya viatu na sijawahi kuona watu wanaviongelea kwa heshima namna hii, hongereni. Niulize kuhusu ile "the boot is on the other foot", wengine wanasema "shoe". Kwa sisi mafundi haileti maana, buti la kulia ukiliweka kushoto mtu hatembei. Kwa nini wao wanaitumia kama vile ni kitu cha kawaida?

GidamuMoja

Swali la fundi hilo! Jibu lipo kwenye kalibu, lile umbo la mguu ambalo fundi anaundia kiatu juu yake.

Zama za kati Ulaya viatu vilitengenezwa vya kulia na vya kushoto kama sasa. Kisigino kirefu kilipoingia kwenye mtindo karibu na mwaka 1600 kazi ikawa ngumu, maana kalibu ya kiatu chenye kisigino ina mpindo chini ya unyayo na kuchonga kalibu mbili zinazotazamana kama kioo kwa kila saizi ilikuwa gharama na mahesabu mengi. Mafundi wakaamua kuchonga moja iliyonyooka, kiatu kikawa hakina kulia wala kushoto. Kwa miaka kama mia mbili watu wengi walivaa hivyo, mpaka karne ya 19 jozi zenye kulia na kushoto zikarudi taratibu. Mtu wa enzi ile kuhamisha buti mguu mmoja kwenda mwingine ilikuwa kitu cha kawaida asubuhi, ukiona linakusumbua huku unalijaribu kule. Ndipo msemo ukazaliwa, maana yake mambo yamegeuka, aliyekuwa anaonewa sasa ndiye mwenye nguvu.

Sisi tunasema kibao kimegeuka. Kwa hiyo ukitaka kutafsiri usiingie kwenye habari za mguu wa pili, sema kibao kimegeuka umemaliza.

Fundi_Soli

Nimekuelewa sana, na hiyo kalibu iliyonyooka nimewahi kuiona picha, ncha yake ipo katikati kabisa. Basi nami nichangie. Kiingereza kalibu inaitwa "last", na wengi wanaokutana na "stick to your last" wanadhani ni habari ya mwisho. Siyo. Ni kushika kalibu yako, fundi abaki kwenye ufundi wake.

GidamuMoja

Mchango mzito huo. "Last" ya fundi na "last" ya mwisho zina asili mbili tofauti kwenye Kiingereza cha kale, hii ya fundi ilitoka kwenye neno la unyayo, ile alama ya mguu.

Kisa chake kipo kwa Pliny Mzee, Mrumi wa karne ya 1. Apelles alikuwa mchoraji maarufu wa Kigiriki na alikuwa na tabia ya kuweka picha zake nje halafu anajificha nyuma yake asikilize wapita njia. Fundi viatu mmoja akapita akasema sandali kwenye picha imepungukiwa kitanzi kimoja. Apelles akakubali, akarekebisha. Kesho yake fundi akapita tena, akaona kosa lake limefanyiwa kazi, kichwa kikamvimba, akaanza kukosoa na mguu. Hapo Apelles akatoka akamwambia fundi asipande juu ya sandali. Mwandishi William Hazlitt mwaka 1819 akachukua maneno hayo ya Kilatini akapata "ultracrepidarian", mtu anayetoa hukumu kwenye jambo asilolijua. Neno gumu lakini watu wake tunao kila mahali.

Mimi kwenye kisa hiki namtetea fundi. Alichosema siku ya kwanza kilikuwa kweli na mchoraji mkubwa akafuta akachora upya, tena kwa kitanzi kimoja tu. Watu wanakumbuka alivyofukuzwa siku ya pili wanasahau kwamba alisikilizwa siku ya kwanza.

Na kwa kuwa tumeitaja kalibu, mtu wa kumkumbuka ni Jan Matzeliger, alizaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1852, akahamia Lynn, Massachusetts, mji wa viwanda vya viatu. Wakati huo mashine zilishashona karibu kila kitu isipokuwa kazi moja, kuvuta ngozi ya juu juu ya kalibu, kuikunja vizuri kwenye ncha na kisigino na kuifunga kwenye soli. Hiyo ilifanywa kwa mkono na fundi hodari alimaliza kama jozi 50 kwa siku. Watu wote walisema haiwezekani mashine ikaiga vidole. Matzeliger akasoma mikono ya mafundi, akapewa hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, tarehe 20 Machi 1883, na mashine yake ikaweza kutoa jozi 150 mpaka 700 kwa siku. Alifariki mwaka 1889 akiwa na miaka 36 tu. Viatu vikashuka bei na watu wa kawaida wakavaa.

Mpasua_Mbao

Huyo Matzeliger anastahili uzi wake peke yake.

Nami niongeze ya kiatu kilichobadilisha kazi. Sabotaji, yaani kuhujumu kazi! Wafanyakazi wa Ufaransa walivaa "sabot", viatu vya mbao, jamii moja na mitalawanda, walipochoka kunyonywa wakavirusha kwenye mashine zikasimama. Ndiyo "saboteur".

GidamuMoja

Mkuu nusu ya kwanza ni sahihi, nusu ya pili ni hadithi tamu tu. Neno limetoka kwenye sabot kweli, lakini Wafaransa walikuwa na kitenzi "saboter" kwa maana ya kutembea kwa kelele za viatu vya mbao, kisha kulipua kazi, kuifanya hovyohovyo. Kutoka kulipua kazi mpaka kuharibu kazi kwa makusudi ni hatua moja. Kiingereza kilikichukua karibu na mwaka 1910, wakati wa mgomo mkubwa wa reli Ufaransa. Kiatu kurushwa kwenye mashine hakuna ushahidi wake, ila kwa vile picha yake ni kali kila mtu anairudia.

Nalitilia mkazo hili kwa sababu njia yangu ya kukitazama kitu ina hatari yake. Ukishazoea kuona kiatu kila mahali utaanza kukiona hata pasipokuwepo. Mfano "shoo-in", mtu ambaye ushindi wake ni uhakika, watu wanaandika "shoe-in" wakiwaza mguu umeingia kwenye kiatu. Hiyo "shoo" ni ile ya kufukuza kuku. Ilianzia mbio za farasi Marekani, wapanda farasi walipanga nani ashinde, wakazuia farasi zao halafu yule waliyempanga wakamwachia apite mbele kama anaswagwa. Na "strait-laced", mtu wa maadili makali, kamba zake siyo za viatu, ni za vazi la kubana kiwiliwili.

Sele_wa_Ghorofani

Jamani "waiting for the other shoe to drop" mbona imerukwa? Hii ndiyo inanitesa, kiatu cha pili kinadondoka kutoka wapi?

GidamuMoja

Kutoka ghorofani, na jina lako limekaa vizuri kwa swali hili.

Kisa kinachosimuliwa ni cha nyumba za kupanga zenye kuta nyembamba, miji ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Mpangaji wa juu anarudi usiku, anakaa kitandani, anavua kiatu cha kwanza anakiachia, puu! Anakumbuka kuna mtu amelala chini, cha pili anakiweka polepole bila sauti. Anapanda kulala. Baada ya muda anasikia kelele kutoka chini, we bwana, angusha basi hicho cha pili tulale! Msemo wote upo kwa yule wa chini, roho juu, anajua kuna jambo la pili linakuja kwa sababu la kwanza limeshatokea. Usiutumie kwa kusubiri kitu kizuri, na usiutumie kama hakuna cha kwanza kilichodondoka. Kampuni imepunguza watu mwezi uliopita na waliobaki wanaangaliana, hapo umekaa mahali pake.

kalamu_nyeusi

na "head over heels" kwenye mapenzi? kichwa si kipo juu ya visigino kila siku mbona?

GidamuMoja

Jicho lako ni zuri. Mwanzo ilikuwa "heels over head", visigino juu ya kichwa, mtu kapiga mwereka kapinduka, tangu karne ya 14 inasemwa hivyo na ilikuwa na maana kamili. Karne ya 18 watu wakaigeuza mdomoni na ikabaki hivyo. Midomo haina mhariri.

Nigusie za visigino nyingine haraka. "Drag your heels" ni kusuasua, kujivuta. "Dig in your heels" ni kukomaa na msimamo, kama unavyokita visigino ukivutwa kamba. Zote mbili mtu hataki kwenda, tofauti yake ni kwamba wa kwanza haonyeshi wazi na wa pili anakuambia usoni. "Toe the line" ni ya ncha ya kiatu, mmepangwa kwenye mstari na kila mtu vidole vyake vinagusa, hakuna aliyetangulia wala aliyebaki, ndiyo kufuata amri za chama au za bosi. Andika "toe", siyo "tow", hakuna anayevuta kamba.

Bi_Mkunde

Na hizi za kutukanana je, maana nazo naona zimejaa viatu.

GidamuMoja

Zimejaa. "Bootlicker" ni mlamba buti, sisi mtaani tunamwita chawa. "Too big for his boots" ni aliyevimba kichwa, ila wao kilichovimba ni mguu, na Wamarekani wanasema suruali. "Goody two-shoes" ni mwema wa kujionyesha, na hii inanisikitisha kidogo kwa sababu ilitoka kwenye hadithi ya watoto iliyochapishwa London mwaka 1765, binti yatima aliyekuwa na kiatu kimoja, siku alipopewa jozi nzima alizunguka akiwaonyesha watu kwa furaha, viatu viwili, viatu viwili! Furaha ya mtoto maskini imegeuzwa kejeli. Mimi mwenyewe siitumii.

"Get the boot" ni kutimuliwa, zaidi ya yote kazini, lile teke la mwisho mlangoni. Sisi tumeipeleka kwenye mapenzi tukasema kapigwa kibuti. Na mchezaji anayestaafu wao wanasema "hang up his boots", sisi tunasema katundika daluga, hapo tumelingana nao kabisa.

NdaniYaMada

Nimesoma wote, nzuri, ila niseme kitu. Hii misemo nyingi ni ya kizamani. Mtu anayetafuta kazi au kusoma nje inamsaidia nini kujua habari za majogoo na Warumi? Afundishwe Kiingereza cha ofisini.

GidamuMoja

Ni hoja halali, naijibu kwa uzito. Fungua gazeti lolote la Kiingereza leo kurasa za biashara na siasa utakuta "on a shoestring", mradi uliofanywa kwa hela ya kuungaunga, utakuta "big shoes to fill" kila bosi akiondoka, utakuta mbunge kakataa "toe the line". Hicho ndicho Kiingereza cha ofisini. Kwenye mkutano mtu akisema hawa wanajaribu "shoehorn" kipengele kipya kwenye mkataba, asiyejua kile kibamba cha kutelezeshea kisigino ndani ya kiatu kinachobana hatajua kama msemaji anasifu au analalamika. Anayekijua anasikia mara moja kwamba kipengele hakitoshi pale na kinalazimishwa. Warumi na majogoo siyo mtihani, hakuna atakayekuuliza mwaka 1834. Vinakaa kichwani ili vishike ile maana isiteleze.

Ila nakubaliana nawe upande mmoja, kuielewa ni muhimu kuliko kuitumia. Mtu anayejifunza aielewe yote akiisikia, akiongea atumie michache aliyoizoea. Barua ya kuomba kazi yenye misemo mitano inachosha msomaji.

NdaniYaMada

Hapo tumeelewana. Basi nipe na hii, mwajiri mmoja kaandika anataka mtu mwenye uzoefu, "and a good writer to boot". Anataka kumfukuza mwandishi?

GidamuMoja

Hapana, usiogope, tuma maombi. Hii "boot" haina undugu na kiatu, ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya faida au nyongeza, limebaki kwenye "to boot" tu na kwenye "bootless" ya kizamani, yaani bila faida. Kasema anataka mwenye uzoefu na juu ya hapo awe anajua kuandika. Ila buti la gari, lile la mizigo nyuma, neno lake kwa Kiingereza cha Uingereza ni "boot" la mguuni, lilianzia kwenye magari ya farasi, kile kisanduku cha kukalia wahudumu na baadaye cha mizigo kiliitwa hivyo. Mmarekani kwake ni "trunk", kwa hiyo ukimwambia mizigo ipo kwenye boot anaweza kuangalia miguu yako.

Fundi_Soli

Nina picha za kalibu za mbao na moja ya chuma, nitazipandisha hapa nikitoka kazini ili wasiowahi kuiona waione hiyo "last" kwa macho. Na kama kuna mwenye buti refu lenye vitanzi naye apandishe.

Mpasua_Mbao

Ninalo, la kushoto kitanzi kimoja kimekatika ila cha pili kizima. Naweka jioni.